Mjadala: Seli shina za magoti na nywele, Serikali ipige marufuku au mtu mzima aachwe na pesa yake?

Mtu wa Mbagala (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kwenye kundi letu la ukoo shangazi kaleta tangazo la seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, ila hizi ni unga wa kuweka chini ya ulimi. Unatibu magoti, upara, presha, sukari, nguvu za kiume na "uchovu wa jumla". Boksi moja laki mbili na ushee. Binamu akadakia kwamba unga ni utapeli ila sindano ni kweli, maana jimbo la Florida kule Marekani mwaka 2025 wamepitisha sheria madaktari wachome bila kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya kule. Sasa mimi siulizi ninunue wapi. Nauliza: huku kwetu Serikali izuie kabisa, au kila mtu aachwe na goti lake? Mimi nasema izuie. Mwenye upara akitapeliwa kajitakia, lakini mama mwenye goti hakuomba kuumwa.

Kipara Ngoto
Kajitakia? Yaani sisi tulijaza fomu? Mimi nilianza kupukutika nikiwa chuo mwaka wa pili. Kabla ya kuleta mada za sera jifunze adabu.

Mtu wa Mbagala
Usitoe povu mkuu. Nilimaanisha upara hauumi.

Kipara Ngoto
Nenda ukweni, shemeji akuvue kofia mbele ya watu, halafu rudi hapa uniambie hauumi.

Na mimi hizo sindano nimechomwa, kwa hiyo siongei ya kusikia. Kliniki moja hapa mjini, siitaji jina. Bango limeandikwa SELI SHINA. Wamenilaza kwenye kiti, wakanitoa damu mkononi, vichupa vikaingia kwenye mashine inayozungusha. Vilipotoka, damu nzito imekaa chini, juu maji ya manjano kama mafuta ya alizeti. Hayo manjano ndiyo wakanirudishia kichwani kwa visindano, mstari kwa mstari toka kwenye paji hadi utosini. Ganzi ya kupaka, haikusaidia kitu, nilishika kiti mpaka vidole vikafa. Kesho yake uso umevimba hadi kope. Matokeo: pembeni zimeongezeka kidogo, utosini pale pale.

Tabibu wa Zamu
Pole. Lakini ulichochomwa siyo seli shina. Ni plazima ya damu yako mwenyewe yenye chembe sahani nyingi, zile za kugandisha damu, wenyewe wanaita PRP. Kwa upara wa kurithi inasaidia baadhi ya watu, pale ambapo vinyweleo bado vina uhai. Utosi uliong'aa siku nyingi hauna cha kuamshwa.

Tiba halisi ya seli shina ipo hapa hapa nchini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wanapandikiza uloto, ile nyama laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu (sickle cell) tangu 2023. Muhimbili walitangulia 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Hata FDA, walichoidhinisha ni hasa cha magonjwa ya damu na matatizo ya kinga yanayofuata upandikizaji. Goti halimo, nywele hazimo, "uchovu wa jumla" ndiyo kabisa.

Kipara Ngoto
"Utosi uliong'aa." Asante dokta, hata wewe.

Bi Chuma
Wanangu shikamooni hamtaki, basi hamjambo. Mimi nina miaka sitini na mbili. Gegedu la goti la kulia limekwisha, nasali nimekaa kwenye kiti. Hospitali kila nikienda ni dawa za maumivu, nikirudi ni dawa za maumivu, na sasa wananiambia nikatwe niwekewe goti la chuma. Nadal, yule mcheza tenisi wa Hispania, alichomwa seli shina mgongoni 2014, na baada ya hapo kabeba makombe hadi tukachoka. Yeye anaruhusiwa, mimi nizuiwe na kijana wa Mbagala?

Mtu wa Mbagala
Mama, marahaba... samahani, shikamoo. Sikuzuii wewe. Nazuia anayekuuzia.

Bi Chuma
Ukimzuia muuzaji mimi nanunua wapi, kwako?

Mswahili wa Muscat
Salaam jamaa. Tatizo la Bongo, kitu msichokuwa nacho basi ni utapeli. Huku watu wanapanda ndege kwenda kutibiwa magoti kila siku. Rafiki yangu kapewa bei dola 5,000 kwa goti moja, kalipa, na anatembea.

Tabibu wa Zamu
Na kabla hajalipa alikuwa hatembei?

Dalali Msomi
Subirini kwanza. Dola elfu tano kwa GOTI MOJA? Hiyo ni milioni kumi na mbili na zaidi. Chanika unapata viwanja viwili na hela ya tofali inabaki.

Mkereketwa
Chanika ipi hiyo? Labda Zingiziwa bondeni, mvua ikinyesha unafuga kambale. Viwanja viwili kwa milioni kumi na mbili vya kupimwa hupati, acha uongo.

Dalali Msomi
Nimesema vya kupimwa? Nimesema viwanja. Barua ya mauziano serikali ya mtaa, mashahidi, umemaliza.

Mswahili wa Muscat
Umemtaja shetani. Mimi niliuziwa Chanika, kufika likizo nakuta msingi wa mtu mwingine, na mwingine wa tatu kashapanda mihogo. Barua zote tatu zina mhuri. Kama ni kupiga marufuku, anzeni na madalali, seli shina zisubiri foleni.

Dalali Msomi
Ulinunua kwa picha za WhatsApp umekaa kwenye kiyoyozi Muscat, leo mkosaji ni dalali. Ungetuma hata mdogo wako akasimame pale akaulize majirani.

Mswahili wa Muscat
Huyo mdogo wangu ndiye aliyenipeleka kwa dalali!

Mkereketwa
🤣🤣 Ukoo huu.

Mtu wa Mbagala
Wakuu, mada.

Tabibu wa Zamu
Narudi kwa Bi Chuma, shikamoo mama. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2023, wagonjwa zaidi ya 400 wenye goti lililosagika kama la kwako. Wengine walichomwa seli za uloto wao, wengine za mafuta ya tumbo, wengine za kitovu cha watoto wachanga, na wengine steroidi ya kawaida, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu. Baada ya mwaka walipopimwa maumivu, hakuna kundi la seli lililoishinda ile steroidi. Huo ndio msingi wangu, sio roho mbaya. Na madhara yapo. Florida hiyo hiyo, 2015, wanawake watatu walichomwa machoni seli za mafuta yao wenyewe kwenye kliniki, macho yote mawili siku moja. Uoni ukaharibika vibaya. Walilipishwa dola 5,000 kila mmoja. Mwaka 2018 wagonjwa 12 wakapata maambukizi ya bakteria kutokana na bidhaa za damu ya kitovu. Kwa goti lako, mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza uzito vina ushahidi zaidi kuliko sindano hizo.

Bi Chuma
Nani kakwambia mimi mnene?

Kipara Ngoto
Karibu mama, tukae huku tuliotukanwa na dokta.

Bi Chuma
Na kitovu! Changu kimezikwa Tanga chini ya mnazi, kumbe cha wenzangu kinauzwa kwa chupa.

Afya Bora Muda Wote
Habari za muda wapendwa. Msiwavunje watu moyo. Bidhaa yetu haina sindano wala kitovu, ni seli shina za tufaha la Uswisi, Uttwiler Spätlauber, tufaha linalokaa muda mrefu bila kunyauka. Ushuhuda upo wa kutosha, njoo PM.

Tabibu wa Zamu
Tufaha ni kweli lipo na linasifika kwa kutunzika. Ila seli ya mmea haigeuki gegedu la binadamu. Ukiimeza inasagwa tumboni kama tufaha lingine lolote.

Mtu wa Mbagala
Imesajiliwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa?

Afya Bora Muda Wote
Ni kirutubisho, si dawa. TMDA hawatuhusu.

Mkereketwa
Hapo ndipo mnapopitia. 2019 TFDA ilipogeuzwa TMDA, vyakula na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango. Ukiulizwa TMDA unasema hiki chakula. Ukiingia kundini kwa shangazi kinatibu sukari. Kama ni chakula futa neno "inatibu", kama ni dawa nenda TMDA na ushahidi.

Na binamu aisome hiyo sheria ya Florida hadi mwisho. Ni kwa mifupa, vidonda na maumivu, nywele hazimo. Tangazo lazima liseme wazi kwamba FDA haijaidhinisha, na mgonjwa anasaini kabla ya kuchomwa. Huyu wetu anatangaza kwa emoji za moto.

Mtu wa Mbagala
Basi naibadilisha mada kabisa. Sindano wabishane madaktari. Mimi nataka atakayeandika "inatibu" bila usajili akamatwe.

Dalali Msomi
Na atakayeandika "kiwanja kimepimwa" je? 😂

Mswahili wa Muscat
Wewe nyamaza.

Mama Wawili
Samahani kuingilia. Dokta umesema Dodoma wanapandikiza selimundu. Mwanangu ana miaka saba, mwaka huu kashalazwa sana, mifupa inamuuma hadi analia usiku kucha. Tunapitia wapi?

Tabibu wa Zamu
Anza na kliniki ya selimundu anakohudhuria, wao ndio watakuandikia rufaa. Kinachoangaliwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, asiye na ugonjwa, ambaye vipimo vya kinga vyao vinafanana. Kila ndugu ana nafasi ya robo ya kufanana naye. Kabla mgonjwa hajachomwa uloto anapewa dawa kali za kuua uloto wake wa zamani, kwa hiyo si jambo la kwenda asubuhi ukarudi jioni, na lina hatari zake. Ana ndugu?

Mama Wawili
Mmoja, wa miaka mitatu. Baba mwingine.

Tabibu wa Zamu
Huyo kwa kawaida hafai. Usikate safari ya kliniki lakini. Waulize kama mwanao anatumia dawa ya haidroksiyurea, na kama hatumii, kwa nini. Inapunguza sana yale maumivu na kulazwa. Na mtu akikuletea boksi la tufaha, hiyo laki mbili weka nauli.

Afya Bora Muda Wote
Tuna wateja wa selimundu pia mama, njoo PM.

Kipara Ngoto
Wewe ukimgusa huyu mama nakuripoti hadi kwa mjumbe wako.

Bi Chuma
Dokta, lile la uzito bado hujanijibu.