Mjadala: "Dekstro" na "levo" tuziite kulia na kushoto?

Mwalimu wa kemia, Tononoka: Leo nimeuliza darasani dekstrosi ni nini. Mmoja akajibu, "Ile ya dripu." Hakukosea, ndiyo glukosi yenyewe, ila hakuna aliyejua jina limetoka wapi. Kwa Kilatini dexter ni kulia, laevus ni kushoto. Mwanga ukichujwa utikisike kwenye bapa moja tu, yaani uelekeo mmoja, glukosi hulizungusha bapa hilo kulia, fruktosi kushoto, ndipo fruktosi ikaitwa levulosi. Sisi tuna kulia, kuume, hata yamini. Kilatini cha nini? Mimi nasema tutafsiri.

Mfamasia, Likoni: Maalim, dawa ziache. Dekstromethofani ni ya kikohozi. Pacha wake wa kwenye kioo, levomethofani, ni wa ukoo mmoja na mofini, ile dawa kali ya maumivu. Mteja akiniomba "ile ya kushoto" nitamwonyesha kabati.

Niko chuo, Kisauni: Na ile herufi D kubwa inayowekwa mbele ya jina la sukari mtaiitaje? Fruktosi ya matunda ni D, na bado inazungusha kushoto! D hiyo inaeleza mpangilio wa atomi ukilinganishwa na gliseraldehidi, sukari ndogo ya kulinganishia, mwanga haumo. Tukitafsiri ovyo tutapata "fruktosi ya kulia iendayo kushoto". IUPAC yenyewe, shirika la kimataifa la kemia, haitaki tena d na l ndogo za dekstro na levo, inataka (+) kwa kulia na (−) kwa kushoto.

Mzee wa Mji wa Kale: Kulia kwa nani, kwanza? Biot, yule Mfaransa aliyeliona jambo hili kwenye tapentaini mwaka 1815, alikuwa ameuelekea mwanga unaomjia. Kasimame upande wa taa uone, kulia kumekuwa kushoto. Semeni mwendo wa saa na kinyume cha saa, kwa anayeuelekea mwanga unaomjia.

Mwalimu wa kemia: Hapo mzee umenibana. Haya, dawa zibaki na majina yao, darasani nitachora saa. Lakini Kilatini sikaririshi mtu.

Muuza kaimati, Makadara: Mimi kemia niliiacha kidato cha pili, ila shira napika kila siku, na ndimu naikamulia isigande. Hiyo sukari yangu ni ya upande gani?

Niko chuo, Kisauni: Mama, umegusa penyewe. Sukari ya dukani huzungusha kulia. Asidi ya ndimu na moto huivunja kidogo kidogo iwe glukosi na fruktosi, na fruktosi ndiyo yenye nguvu zaidi. Ikivunjika yote, shira inazungusha kushoto.

Muuza kaimati: Sufuria ile ile? Basi maalim, jina hilo liandike kwa chaki.