Kano la kisigino lililokatika miezi minne iliyopita: kwa nini lihamishwe kano la kidole gumba?

Mwalimu wa Zamu
Ndugu wanajukwaa, nina umri wa miaka 44. Miezi minne iliyopita, katika bonanza la maveterani, nilisikia mlio nyuma ya mguu wa kulia, nikageuka kumtazama aliyenipiga teke, kumbe hapakuwa na mtu. Katika zahanati niliambiwa nimeteguka, na kwa kuwa niliweza kutembea kwa kuchechemea, niliridhika na bandeji. Sasa siwezi kuinua kisigino hicho, na ngazi za shule ninazipanda kwa kushika ukuta. Picha ya MRI imeonyesha pengo la sentimita 6 katika kano la Achilles, yaani kano la kisigino linalounganisha msuli wa shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na daktari bingwa anapendekeza kuhamisha kano la kidole gumba cha mguu. Kwa nini ncha zilizokatika zisivutwe na kushonwa tu?

Tabibu wa Mifupa
Pole sana, mwalimu. Kosa hilo si geni, kwa sababu misuli inayokunja vidole huweza kuinamisha wayo hata kano kubwa likiwa limekatika. Mgonjwa anapaswa kulazwa kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, kisha shavu la mguu liminywe: wayo usipocheza, kano limekatika.

Jeraha likipita wiki 4 hadi 6 huhesabiwa kuwa la muda mrefu. Msuli huwa umekwisha kujikunja kuelekea juu, na pengo limejaa kovu lisilo na nguvu ya kano, ambalo daktari hulikata kwanza ndipo apime pengo halisi. Kwa kawaida pengo lisilozidi sentimita 2 hushonwa ncha kwa ncha. La kati ya 2 na 5 huzibwa kwa kurefusha utando wa msuli, ukikatwa kwa umbo la V na kushonwa kwa umbo la Y. Likizidi 5, huazimwa kano la jirani. Lile la kidole gumba linapita papo hapo nyuma ya kifundo, hufanya kazi wakati uleule na kano la kisigino, na nyama yake inayoshuka chini huleta damu mahali penye damu haba. Hupitishwa katika tundu linalotobolewa kwenye mfupa wa kisigino, likakazwa kwa skrubu. Kama unavuta sigara, acha leo, maana ngozi ya hapo ni nyembamba na kidonda chake hugoma kupona.

Kisigino Kipya
Mimi nilifanyiwa upasuaji huohuo. Nilikaa wiki 2 katika plasta, wayo ukielekezwa chini, kisha nikavalishwa kiatu kirefu chenye vipande vya kuinua kisigino, vilivyopunguzwa kimoja kimoja. Mazoezi ndiyo kazi yenyewe: ilinichukua miezi 10 kuinuka kwa mguu mmoja, na shavu la mguu huo bado ni jembamba. Kidole hakinisumbui katika kutembea, ila kandambili hunichomoka.

Mwalimu wa Zamu
Kandambili nitazivumilia. Je, nikikataa upasuaji?

Tabibu wa Mifupa
Kwa mzee asiye na shughuli nyingi, au mwenye kisukari kisichodhibitika, mazoezi na kiatu chenye kisigino kilichoinuliwa huweza kutosha. Kwako wewe, unayepanda ngazi kila siku, ningeunga mkono upasuaji.