Naomba ushauri: ndoana na chambo cha trauti, Mto Naro Moru, kabla ya safari ya pili na mwenzangu

Mgeni wa Mtoni (mwanzisha uzi)
Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mkazi wa Nairobi na nimeanza kuvua trauti mwaka huu, baada ya kukulia mahali ambapo samaki tuliyemjua ni omena wa sokoni. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mto Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, pamoja na mwenzangu mmoja, na safari haikwenda vizuri. Tangu saa 1 asubuhi hadi jua linazama trauti hawakugusa chambo changu hata mara moja, ingawa wawili niliwaona kwa macho yangu wamesimama nyuma ya jiwe, vichwa vimeelekea maji yanakotoka, wakikitazama kijiko changu cha kuvulia, kile kibamba cha chuma chenye ndoana, kikipita kama abiria wanavyoitazama matatu iliyojaa. Mshipi ulinasa kwenye matawi mara tano, niliteleza nikajaza maji gambuti zote mbili, na ikatokea ajali ndogo ya ndoana ambayo haina haja ya kuelezwa hapa.

Mwenzangu amekubali kurudi nami Jumamosi ya wiki ijayo, na safari hiyo ni lazima ifanikiwe. Ninaomba kujua ndoana ya nambari ngapi inawafaa trauti wa mito midogo, kama nitumie kijiko kinachozunguka au nzi wa bandia, yaani manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, na rangi gani ya chambo huonekana vizuri maji yakiwa yametiwa udongo kidogo na mvua. Ningependa kujibiwa na watu waliokwisha kuvua trauti wenyewe.

Nahodha wa Pangani
Ndugu Mgeni, trauti sijapata kumvua, lakini samaki ni samaki. Kinachowaponza vijana wa siku hizi ni kununua fimbo na rili za fedha nyingi kabla ya kujua kufunga fundo. Mimi nimevua kolekole na changu kwa mshipi wa mkono tangu nikiwa na miaka 9, chubwi moja, ndoana moja, chambo cha ngisi mbichi, na marehemu baba yangu alikuwa akinipima kwa fundo kabla ya kunipima kwa samaki. Usiku mmoja wa bamvua alinifanya nifunge fundo lile lile mara 30 gizani, huku dau likiyumba, na lilipokatika la 31 alinirudisha pwani bila kusema neno. Lowesha uzi kwa mate kabla ya kulikaza fundo, kwa sababu uzi wa nailoni ukikazwa mkavu huungua na kudhoofika.

Mzee wa Kiwira
Ninaandika kutoka Rungwe, Tanzania, ambako mito yetu nayo ilipandikizwa trauti wakati wa ukoloni, kwa hiyo nitajibu lile lililoulizwa. Kwanza elewa hesabu ya ndoana, maana wengi huielewa kinyume: kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo, isipokuwa zile zenye sifuri baada ya mkwaju, kama 1/0 na 2/0, ambazo huhesabiwa kwa kupanda na nyingi hutumika baharini. Kwa trauti wa mto mwembamba, nzi anayezama afungwe kwenye ndoana ya nambari 12 au 14, na nzi mnene anayeigiza kiluwiluwi au samaki mchanga afungwe kwenye nambari 8 au 10. Ukishikilia kijiko, basi kiwe kidogo kabisa. Kijiko cha chapa ya Mepps, nambari 0 au 1, kinatosha (nambari za vijiko, tofauti na za ndoana, hupanda kadiri kijiko kinavyokuwa kikubwa), kwa kuwa kijiko kikubwa katika dimbwi lenye upana wa hatua nne ni sawa na kutupa sufuria.

Maji yakiwa safi tumia rangi zilizofifia, kahawia na zeituni. Yakiwa na udongo, nzi mweusi huonekana vizuri zaidi kuliko wa rangi za kung'aa, kwa sababu samaki humwona kutoka chini kama kivuli dhidi ya mwanga wa juu. La muhimu kuliko yote ni kusimama nyuma ya samaki. Umesema uliwaona wakitazama maji yanakotoka. Je, wewe ulikuwa umesimama upande gani? Ikiwa ulikuwa juu yao, basi walikuona kabla hujafungua begi.

Mkulima wa Kinangop
Kabla ya nambari na rangi, je, ulikuwa na kibali? Kibali changu mwenyewe kiliandikwa wazi kwamba trauti wavuliwe kwa nzi wa bandia peke yake, wala si kwa kijiko wala kwa mnyoo. Watu wanatoka mjini na masanduku yanayometameta, wanavua kila kinachopumua, halafu wanashangaa mito ikibaki mitupu. Trauti si wa asili ya Kenya. Waliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven kule Scotland na mlowezi Ewart Grogan, wakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Samaki aliyesafirishwa mbali kiasi hicho anastahili kuvuliwa kwa adabu.

Muuguzi Mstaafu
Mwanangu, mimi sivui, lakini nimefanya kazi wodi ya majeruhi kwa miaka mingi na jicho langu limekwama kwenye maneno "ajali ndogo ya ndoana". Ndoana ilimwingia nani, mahali gani, na ilitolewaje? Tena nimeona umeandika "mwenzangu" mara kadhaa bila kumtaja ni nani. Mtu haandiki hivyo kuhusu rafiki yake.

Mgeni wa Mtoni (mwanzisha uzi)
Mzee wa Kiwira, ninakushukuru sana; ni kweli nilisimama juu yao. Mkulima, vibali tulikuwa navyo. Mama Muuguzi, shikamoo. Ajali ilikwisha na haihusiani na uchaguzi wa chambo. Niseme tu kwamba vijiko nimekwisha kuvinunua, kumi na viwili, Mepps nambari 3, vyenye ndoana ya miba mitatu, na muuzaji alinihakikishia kwamba miba mitatu humnasa samaki mara tatu zaidi. Kwa hiyo ningependa ushauri ujikite katika namna ya kuvitumia hivyo.

Kijana wa Tala
Muuzaji amesema kweli: miba mitatu hunasa mara tatu zaidi, yaani matawi, gambuti na mwenzako.

Muuguzi Mstaafu
Marahaba. Umenisalimia, swali bado. Ilimwingia nani?

Mgeni wa Mtoni (mwanzisha uzi)
Haya. Mwenzangu ni baba wa mchumba wangu. Mazungumzo ya mahari yalianza mwezi uliopita na hayajakamilika, na mzee, ambaye amevua katika mito ya mlima tangu ujana wake, alipendekeza twende mtoni ili anifahamu. Saa 4 asubuhi nilirusha kijiko kwa nguvu bila kutazama nyuma. Kilipitia ukingo wa kofia yake, kikaiangusha, na mwiba mmoja ukamwingia kwenye nyama ya chini ya sikio la kushoto hadi kijino chake, kile kinachoelekea nyuma ili ndoana isichomoke, kikapotea ndani.

Niliwahi kusoma kuhusu njia ya kufunga uzi kwenye mkunjo wa ndoana, kuukandamiza mguu wa ndoana, kisha kuvuta ghafla. Niliitumia. Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili ilitoka, lakini na nyama kidogo. Aliyetushikia tochi alipiga yowe kuliko mzee mwenyewe. Mzee hakusema kitu. Alikunywa chai, akaniambia ataniona Jumamosi ya wiki ijayo. Ndiyo maana ninauliza kuhusu chambo: nikipata samaki mbele yake, yaliyopita yatasahaulika.

Muuguzi Mstaafu
Sasa tumefika. Njia ya uzi ni njia halali, lakini haitumiki kwenye sehemu ya mwili inayoning'inia, kwa sababu nyama ya sikio hufuata ndoana badala ya kubaki nyuma. Inahitaji mahali palipotulia, kama mgongo wa mkono. Kwa sikio, mwenye ujuzi hutia ganzi, huisukuma ncha mbele hadi itokeze upande wa pili, hukata kijino kwa koleo, kisha huirudisha ndoana ilikoingilia. Ikiwa ina miba mitatu, ile mingine miwili hukatwa au kufunikwa kwanza, la sivyo mtoaji naye ananaswa. Ikiwa imeingia karibu na jicho, usiguse kitu. Mfunike na umpeleke hospitali.

Je, mzee alichomwa sindano ya pepopunda? Ndoana ya mtoni ni kidonda kichafu, na ikiwa imepita zaidi ya miaka 5 tangu sindano ya mwisho, anapaswa kuongezewa. Hili lifanywe kesho, wala lisisubiri Jumamosi.

Kijana wa Tala
Kwa desturi ni wazee wanaowatoga vijana masikio. Huyu amemtoga baba mkwe, tena kabla ya mahari. Ninapendekeza waongeze mbuzi mmoja na hereni ya kulia.

Nahodha wa Pangani
Mimi ndoana iliwahi kuniingia kwenye kiganja nikiwa maili nyingi kutoka pwani, na mjomba wangu aliitoa kwa kisu cha kupasulia samaki, kisha akaendelea kuvua. Kovu ninalo hadi leo na wajukuu hulishika kila Idi.

Shahidi wa Mbali
Samahani kwa kuharibu karamu, lakini ninawaomba msome tena. Ndugu huyu ametuambia kwamba walikuwa wawili. Kisha anatuambia kwamba ndoana iliingia saa 4 asubuhi. Halafu anatokea "aliyetushikia tochi". Huyo wa tatu ametoka wapi, na nani huwasha tochi saa 4 asubuhi katika mto ulio karibu na ikweta? Isitoshe, mzee aliyechanwa sikio anakunywa chai na kupanga safari nyingine. Nimeona nyuzi nyingi za namna hii. Huanza na swali la kawaida, zikaongezwa mkwe, mahari na damu kila wachangiaji wanapopungua. Uzi huu umetungwa.

Mkulima wa Kinangop
Nami nilihisi jambo. Mtu mwenye kibali halali angejua mapema ni chambo gani kinaruhusiwa, asingenunua vijiko kumi na viwili.

Kijana wa Tala
Mimi nimekwisha kumsimulia mke wangu kisa hiki. Kama ni uongo, nisiambiwe leo.

Mzee wa Kiwira
Hata kikiwa kimetungwa, mambo mawili ndani yake ni ya kweli: watu hurusha bila kutazama nyuma, na kijiko nambari 3 hakifai mto ule. Lakini ninaungana na aliyeuliza kuhusu tochi.

Mgeni wa Mtoni (mwanzisha uzi)
Ninajibu, ingawa inaniaibisha kuliko mlivyodhani. Ndoana iliingia saa 4 asubuhi. Ilitolewa saa 2 usiku, nyumbani kwao. Mzee alikataa isiguswe mtoni. Alisema samaki huamka mara moja kwa siku na sikio lipo siku zote. Nilikata mshipi, na akaendelea kuvua hadi jioni, kijiko kikining'inia sikioni na kuzunguka kila upepo ulipovuma. Tulipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika, na aliyeshika tochi ni mchumba wangu. Mimi ndiye niliyejitolea kuitoa, kwa sababu nilitaka kuonekana ninajua kitu.

Mama Muuguzi, nimempigia simu mchumba wangu tangu nisome ujumbe wako. Mzee alikwenda zahanati siku iliyofuata, bila kuniambia, akachomwa sindano na kushonwa nyuzi mbili.

Kuhusu vijiko, Mkulima, kibali nilikuwa nacho mfukoni na sikukisoma. Lakini fedha nimekwisha kulipa, na sioni ubaya wa kuwa navyo begini kama akiba.

Muuguzi Mstaafu
Nyuzi mbili kwa mpasuko wa namna hiyo ni jambo la kuaminika. Mtungaji asiyejua kazi hii angetia kumi.

Shahidi wa Mbali
Maelezo ya tochi yanatosheleza, na ninaondoa neno "umetungwa" hadi hapo nitakapoona tatizo jingine. Ila sielewi kwa nini mtu avumilie mwiba sikioni saa 10 nzima. Samaki gani anastahili hayo?

Mzee wa Kiwira
Shahidi, hujapata kusimama kwenye maji ya mlima saa 11 jioni, wadudu wanaporuka juu ya mto na trauti wanapanda kuwadaka. Mimi ningebaki na miba miwili.

Mgeni, vijiko viache nyumbani, si begini. Kitu kilichopo begini hutumika. Nunua nzi sita tu: watatu weusi nambari 10, watatu kahawia nambari 14, na uvibane vijino vyote kwa koleo hadi vilale. Ndoana isiyo na kijino hutoka kwa samaki na kwa sikio kwa njia ile ile iliyoingilia, bila kupasua kitu. Wewe usiulegeze mshipi tu samaki akiwa amenasa. Kila siku jioni nenda uwanjani na fimbo, ufunge kipande cha sufi mahali pa nzi, ujifunze kutazama nyuma kabla ya kurusha. Na mtoni usimame upande wa chini wa mzee, hatua 20, upepo usiwe unatoka kwako kwenda kwake. Mvae miwani nyote wawili.

Mgeni wa Mtoni (mwanzisha uzi)
Nimevitoa vijiko begini. Kimoja nimekiacha, kwa ajili ya kumbukumbu, lakini nimekata miba yote.

Nahodha wa Pangani
Kuna jambo moja halijaulizwa na wavuvi wote hawa. Wewe hukupata samaki. Mzee je, alipata?

Mgeni wa Mtoni (mwanzisha uzi)
Alipata wawili, wale wale wa nyuma ya jiwe.

Mzee wa Kiwira
Kwa chambo gani?

Mgeni wa Mtoni (mwanzisha uzi)
Nzi mmoja mweusi, mdogo, amechakaa hadi manyoya yamebaki upande mmoja. Alimtoa kwenye utepe wa kofia yake baada ya mimi kuiokota majini na kumrudishia. Sikumuuliza ni nambari ngapi. Sikuwa katika hali ya kumuuliza kitu.