Mjadala: Je, ni Azimio la 1789 lililowakomboa watumwa wa Haiti?

Ndugu mleta mada anadai kwamba Azimio la Haki za Binadamu na Raia, lililopitishwa Ufaransa tarehe 26 Agosti 1789, ndilo lililokomesha utumwa katika makoloni yake, na kwamba watumwa walipokea tu uhuru uliokwisha kuandikwa. Naiheshimu hoja yake, lakini siikubali.

Ni kweli kwamba fikra za wakati ule ziliutikisa utawala wa kale. Mfalme aliyedai kwamba mamlaka yake yametoka kwa Mungu aliambiwa, katika ibara ya 3, kwamba chimbuko la mamlaka yote ni taifa. Na usiku wa tarehe 4 Agosti wabunge walikuwa wamekwisha kutangaza kufutwa kwa haki za kikabaila. Hilo si jambo dogo. Hata hivyo, ibara ya kwanza, inayotamka kwamba watu huzaliwa huru na wenye haki sawa, ilikaa miaka minne na zaidi huku watumwa wapatao nusu milioni wakiendelea kutumikishwa katika mashamba ya miwa na kahawa ya Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, kwa sababu wenye mashamba na wafanyabiashara wa Nantes na Bordeaux, miji ya bandari ya Ufaransa, walisikilizwa bungeni kuliko wao.

Kilichogeuza mambo ni uasi wa Agosti 1791, watumwa wa uwanda wa kaskazini walipoinuka na kuyachoma mashamba hayo. Sonthonax, kamishna aliyetumwa na Ufaransa kusimamia koloni hilo, aliyewahitaji ili koloni lisichukuliwe na maadui wa Ufaransa, alitangaza uhuru wao kaskazini tarehe 29 Agosti 1793, na bunge la Paris likaupitisha kwa makoloni yote tarehe 4 Februari 1794. Sheria, basi, ilikuja nyuma ya mapambano. Sikatai kwamba Toussaint Louverture, aliyekuwa mtumwa kisha akawa kiongozi wa mapambano hayo, na wenzake waliitumia lugha ya uhuru na usawa. Nasema waliipa maana ambayo waandishi wake wengi hawakuikusudia.

Mwaka 1802 Napoleon, mtawala wa Ufaransa wakati huo, aliamua kuurudisha utumwa. Haiti ilipigana hadi ikajitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804. Guadeloupe, koloni jingine la Ufaransa katika Karibi, ambako upinzani ulizimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu, utumwa ulirudi na kudumu hadi 1848. Anayeamini kwamba maandishi yalitosha atueleze kwa nini Azimio lile lile halikuwakinga watu wa Guadeloupe.