Naomba ushauri: nitamwelezaje mama kwamba ushuhuda wa jirani hautoshi?

Habari zenu wapendwa. Naishi Kayole na mama yangu, mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge kila siku. Juzi jirani alimletea mitishamba, chupa ya lita 1 yenye maji ya kahawia, machungu kama shubiri. Anaapa imemponya. Sasa mama anataka kuacha vidonge.

Nimeyachambua maneno ya jirani. Wiki zile zile alizokunywa dawa hiyo aliacha soda, akapunguza ugali, na kila jioni hutembea hadi Umoja na kurudi. Kipi basi kilishusha sukari? Na waliokunywa wasipone, wako wapi? Hao hawapiti mlango kwa mlango kusimulia.

Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, chakula chao cha kawaida kikiwa kimoja, kila jozi ikapewa tiba yake. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Ulinganisho wa namna hiyo jirani hana.

Nilipomweleza mama, alinyamaza, akaifunika chupa kwa kitambaa chake cha kanisani. Iliniuma. Anaona nimemwita mwongo mtu aliyemuuguza, ilhali naamini kabisa kwamba sukari ya jirani ilishuka. Ninachohoji ni sababu yake tu.

Kliniki yake ni Jumanne. Nimwachie daktari azungumze naye, au nikae na jirani kwanza, tuongee kwa upole? Mliowahi kupitia haya na mzazi, mlianzaje?