Naomba ushauri: chanjo ya homa ya ini B imegoma kwa aliyepandikizwa figo

Wakuu, habari za kazi. Mpokeaji wa figo hapa Dar, mwezi wa 14 tangu upandikizaji, anatumia takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, dawa za kupunguza kinga ili mwili usiikatae figo. Amepata dozi nne za chanjo ya homa ya ini B, mikrogramu 40 kila moja, mwezi 0, 1, 2 na 6. Wiki 6 baada ya dozi ya mwisho kingamwili zimesoma 4. Zinatakiwa walau yuniti 10 kwa lita. Kabla ya chanjo hakuwa na dalili ya maambukizi, ya sasa wala ya zamani.

Mshukiwa wa kwanza ni maikofenoleti: inazuia seli B kuzaliana, na zisipozaliana nani atatengeneza kingamwili? Takrolimasi nayo inazifubaza seli T zinazoziamsha hizo B. Sindano ilichomwa begani, si takoni, kwa hiyo mahali pa kuchoma sipashuku. Ubaridi wakati wa kusafirisha chanjo ndio unanitia shaka. Mjini hapa tunaogopa joto tu, kumbe chanjo hii ikiganda imeharibika, na pakiti ya barafu iliyotoka friza moja kwa moja inaweza kuigandisha kabla foleni ya Tegeta haijaisha.

Sasa: arudie dozi zote nne, au moja ya kuchochea kisha apimwe baada ya wiki 4? Kuna mwenye uzoefu wa kuchoma ndani ya ngozi? Kusimamisha maikofenoleti msinishauri, figo ikikataliwa hasara ni kubwa zaidi.