Naomba ushauri: harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari, na safari ya Lushoto iko karibu

Msafiri wa Kimara: Ndugu zangu, habari za leo. Nina Noah ya zamani, ile ambayo injini yake imelala chini ya viti vya mbele. Kwa muda sasa harufu ya moshi wa ekzosi inaingia ndani, hasa nikiwa kwenye foleni au nikipanda mlima, na mwisho wa mwezi nakusudia kuipeleka familia Lushoto. Fundi wangu amesema mpira wa mlango wa nyuma umechoka, nami nimekwisha kumlipa nusu ya fedha. Ninachoomba kujua ni kama mpira wa mtumba unafaa au ninunue mpya.

Babu Chasisi: Nunua mpya. Vijana wa leo mnapenda mitumba hadi kwenye vitu vya kuzuia hewa, kisha mnashangaa mnanuka kama gereji mkifika ukweni.

Kibaoni: Mimi niliwahi kuwa na gari lililonuka hivyo. Tukalaumu ekzosi, kumbe oili ilikuwa ikivuja kwenye kifuniko cha valvu na kuungulia juu ya manifodi, lile bomba la kwanza linalopokea moshi kutoka kwenye injini. Fundi alinilia fedha nyingi kabla ya kuinama na kurunzi.

Fundi Mstaafu: Ndugu Msafiri, umeruka hatua. Mlango wa nyuma usioziba vizuri huingiza moshi gari likiwa kwenye mwendo, kwa sababu hewa ya nyuma ya gari hupungua mgandamizo na moshi uliokwisha kutoka huvutwa kurudi ndani. Wewe unasema harufu huzidi ukiwa umesimama kwenye foleni. Hapo mimi nashuku mbele: gasketi ya manifodi, maungio ya bomba, au mpira unaozunguka kifuniko cha injini chini ya kiti. Je, bomba limewahi kuguswa? Na mkishuka, vichwa huwauma?

Msafiri wa Kimara: Bomba halijaguswa. Kuhusu vichwa, mimi sina tatizo. Watoto hulalamika, lakini watoto hulalamikia kila kitu. Yule mdogo alitapika tulipokaribia Chalinze, tukadhani ni mihogo aliyokula njiani.

Muuguzi wa Zamu: Kaka, hiyo mihogo isingiziwe baada ya gari kupimwa. Harufu unayoisikia si ya gesi inayoua. Inayoua ni kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi, na mara nyingi mtu hupata nafuu akitoka nje kwenye hewa safi. Kwetu Njombe, wakati wa baridi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Ni gesi hiyo hiyo. Watoto wasipande gari hilo hadi litengenezwe. Baadaye ukipenda, tafuta king'ora kidogo cha betri kinacholia gesi hiyo ikizidi.

Fundi Mstaafu: Nauliza tena kuhusu bomba. Masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya bomba, yapo?

Msafiri wa Kimara: Kwa kuwa mmenibana: masega yalitolewa. Gari lilikuwa halivuti, fundi akasema yameziba, akayatoa na kuchomelea kipande cha bomba mahali pake. Aliyanunua mwenyewe, na fedha hiyo ikanilipia bima. Sikuona haja ya kulitaja, kwa sababu wengi wameyatoa na magari yao yanatembea. Niliposema bomba halijaguswa nilimaanisha halijatoboka.

Jicho Kavu: Samahanini, uzi huu umetungwa. Mwanzo bomba halijaguswa, sasa limekatwa na kuchomelewa. Katikati anatokea muuguzi na king'ora cha betri. Subirini, muda si mrefu itawekwa namba ya simu ya muuzaji.

Muuguzi wa Zamu: Mimi siuzi kitu chochote, na nimeandika kwamba kabla ya king'ora gari litengenezwe.

Babu Chasisi: Kama ni kweli, aweke picha ya hapo palipochomelewa.

Msafiri wa Kimara: Nimeiweka. Mtaniwia radhi kwa tope.

Fundi Mstaafu: Nimeiona. Ule mstari wa masizi unaoanzia ubavuni mwa weldi na kupanda juu ndio njia ya moshi. Ukitaka uhakika, washa gari asubuhi nje, injini ikiwa ya baridi, mwenzako aliyevaa glavu azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, nawe usikilize: panapovuja patalia. Masega hugeuza sehemu kubwa ya monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi, lakini kwako hayapo, kwa hiyo kinachovuja chini ya viti ni moshi mbichi. Kata kipande hicho, funga bomba lenye flenji na gasketi, rudisha masega, kisha badilisha mpira wa kifuniko cha injini. Mlango wa nyuma uangaliwe mwisho.

Msafiri wa Kimara: Nashukuru, ila fundi wangu ni mtu wa nyumbani na fedha ya mpira hairudi. Nimefikiria twende hivyo hivyo, vioo vya nyuma vikiwa wazi, nije kuchomelea upya tukirudi.

Fundi Mstaafu: Vioo vya nyuma vikiwa wazi vinaweza kuuvuta moshi badala ya kuutoa, na tundu lililo chini ya kiti halizibwi na kioo.

Mama Watoto wa Kimara: Jicho Kavu, uzi haujatungwa, gari limeegeshwa dirishani kwangu. Tiketi za basi za watoto na yangu nimekwisha kukata, na gari litapelekwa kwa fundi mwingine. Bima ya mwaka huu niliilipa mimi, kwa hiyo namwomba Msafiri aeleze hapa hapa fedha ya masega ilikwenda wapi.